Jengo la zamani tunalolikarabati Kongwa lilikuwa nini? Na kwa nini plasta mpya inabanduka?

#1 Mwana wa Mbande (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni.

Sisi ni wakazi tu, vijana kwa wazee, tunaojitolea kukarabati jengo moja la kale kwenye eneo la ule mradi wa karanga wa Mwingereza hapa wilayani Kongwa. Mfadhili hatuna. Kila Jumamosi mwenye jembe anakuja na jembe, mwenye toroli anakuja na toroli, akina mama wanasongesha uji wa uwele, kazi inaanza. Tumeshafyeka, tumetoa samadi iliyojaa ndani (mbuzi wamelala mle miaka na miaka), na paa tumelifunika kwa bati za kuchangishana. Serikali ya kijiji inajua na imeturuhusu.

Nina maswali mawili.

La kwanza, lilikuwa jengo la nini? Ni refu, lina vyumba viwili vikubwa na kimoja kidogo pembeni. Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo. Sakafu ni zege, na katikati ya chumba kikubwa umechimbwa mfereji mwembamba unaotoka ukuta hadi ukuta na kutokea nje. Ukutani kuna pete za chuma zilizopangwa mstari, usawa wa kifua cha mtu mzima. Chumba kidogo kina alama za masinki yaliyong'olewa, na yalikaa chini mno, chini ya kiuno changu. Ukikwangua rangi unakuta tabaka tatu: nyeupe ya chokaa, chini yake bluu, chini kabisa kijani kizito. Wazee wetu kila mmoja na lake: hospitali, bweni la shule ya Wazungu, stoo ya wapigania uhuru.

La pili ni plasta. Ukuta wa magharibi tuliupiga plasta ya simenti mwaka jana baada ya mvua. Sasa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno imetuna, ukiigonga inalia uwazi, na ikidondoka unakuta nyuma yake unga mweupe umeota kama pamba. Ukiugusisha ulimini, chumvi kali.

Tunataka kuweka kibao mlangoni na kupiga plasta upya, lakini hatutaki kuandika uongo wala kupoteza simenti ya watu. Naombeni mawazo.

#2 Kigoda
Nimeweka kigoda hapa. Ngoja waje wazee wa historia.

#3 Msomi wa Kibaigwa
Hongereni sana kwa moyo huo.

Hiyo ni hospitali ya mradi, sina shaka. Mradi wa karanga ulianza mwaka 1947, na lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kulima ekari 150,000. Walifikia ekari kama 7,500 tu. Walileta vifaru vya Sherman vilivyotumika vitani wakavigeuza matrekta ya kung'oa vichaka, vikashindwa na mibuyu. Eneo lenye watu wengi kiasi hicho, mashine nzito na ajali kila leo lazima liwe na hospitali. Mfereji wa sakafuni ni wa kuoshea wodi, unamwaga maji ndoo kwa ndoo yanatoka nje. Pete za ukutani ni za kufungia pazia kati ya kitanda na kitanda.

Mradi ulipofutwa mwaka 1951, pauni kama milioni 36 zikiwa zimeteketea, Wazungu wakaondoka na majengo yakabaki gofu.

#4 Mtani wa Unyamwezi
Wagogo watani zangu! Sisi Urambo na sisi tuliletewa mradi huohuo. Ulipokufa tukalima tumbaku kwenye mashamba yaleyale. Nyie mkawaachia mbuzi hospitali.

Natania tu, kazi yenu ni nzuri. Bati moja nachangia, nitumie utaratibu inbox.

#5 Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa
Msomi wa #3, hapo pa "Wazungu wakaondoka majengo yakabaki gofu" pana kasoro. Mradi ulifutwa Januari 1951, ni kweli, lakini shule ya bweni ya watoto wa Kizungu iliyoanzishwa wakati wa mradi iliendelea pale Kongwa hadi mwaka 1958. Ilipofungwa wanafunzi walihamishiwa shule mpya ya St Michael's and St George's, Iringa, ambayo ndiyo hii Mkwawa tunayoijua, leo ni chuo kikuu kishiriki. Kwa hiyo baada ya mradi kuna miaka saba mizima ambayo Kongwa ilikuwa mji wa wanafunzi.

Sasa angalieni masinki. Mwenye uzi anasema yalikuwa chini ya kiuno chake. Hospitali ya vibarua wazima itaweka sinki hapo kwa ajili ya nani? Hilo ni bafu la watoto. Chumba kikubwa ni bweni, na pete zile ni za kutundikia taulo na mifuko ya nguo chafu. Mimi nimefundisha shule za bweni, nazijua.

Ombi langu kubwa ni hili: acheni kukwangua rangi. Tabaka zile tatu ndiyo kumbukumbu pekee mliyonayo isiyotegemea mdomo wa mtu. Chagueni kipande kidogo, upana wa kiganja, kikwangueni ngazi kwa ngazi hadi tofali, mpige picha kila hatua. Kwingine kote pasiguswe.

#6 Kusini Nachingwea
Wakuu, naona mnazunguka tu kwenye Wazungu na watoto wa Wazungu. Kongwa inaheshimika Afrika nzima kwa jambo lingine.

Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliundwa mwaka 1963, makao yake Dar es Salaam, na Kongwa ikawa moja ya kambi za mwanzo kabisa. FRELIMO wa Msumbiji walikuwepo, na Samora Machel alikuwa mmoja wa waliosimamia mafunzo pale kabla ya kambi kubwa kuhamia kwetu Nachingwea. ANC wa Afrika Kusini walikuwepo, Chris Hani alipita hapo. SWAPO wa Namibia walikuwepo, na wapiganaji wao wa kwanza waliorudi Namibia mwaka 1965 walitokea Kongwa. Mapigano ya Omugulugwombashe ya tarehe 26 Agosti 1966, ambayo Wanamibia wanaiadhimisha hadi leo kama Siku ya Mashujaa, mzizi wake uko hapo mnapofyeka majani.

Tena angalieni: Kongwa na Nachingwea zote zilikuwa za karanga kwanza, kisha za ukombozi. Majengo, barabara na maeneo yaliyofyekwa vilikuwa tayari vipo. Mwingereza alijenga bila kujua anamjengea nani.

Kwangu mimi pete zile zilipitishwa mnyororo wa kufungia bunduki. Kibao kiandikwe hivyo.

#7 Fundi Mwiko
Historia nawaachia wenyewe. Mimi nije kwenye plasta.

Mwana wa Mbande, mmefunga ukuta pumzi. Tofali la kuchoma lililojengewa udongo linanyonya unyevu kutoka chini, na zamani hakukuwa na nailoni ya msingi kama tunavyoweka leo. Unyevu ukipanda lazima utoke, na njia yake ni uso wa ukuta. Ukiupiga simenti unauzibia njia. Maji yanakaa nyuma ya plasta, yanakuja na chumvi za ardhini, jua la Dodoma linakausha, chumvi inaganda na kuvimba, inaisukuma plasta nje. Ndiyo hiyo pamba yako.

Dawa: ng'oa simenti yote hiyo ya chini, acha ukuta wazi kiangazi kizima, kila wiki pitisha brashi kavu ya nyuzi laini ukikinga unga kwenye gunia na kuutupa mbali. Usimwage maji, ukimwaga unairudisha chumvi ndani. Kisha piga plasta ya chokaa. Chokaa iliyozimwa, ilale ndani ya maji kwenye pipa wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na mchanga.

Na jambo moja zaidi. Nje ya ukuta wa magharibi, je, ardhi iko juu kuliko sakafu ya ndani?

#8 Dada wa Kondoa
Fundi Mwiko namheshimu, ila hapa namkatalia. Ukuta huo umesimama na plasta yake ya zamani zaidi ya miaka 60. Chumvi za ardhini zilikuwa wapi muda wote huo? Zimekuja mwaka jana tu?

Muulizeni mwenye uzi walichanganyia maji gani. Kama ni ya kisima kirefu, jibu limepatikana. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, hata sabuni haitoi povu. Nyumba yetu ilipigwa plasta kwa maji ya namna hiyo ikafanya vilevile, tena ni tofali za simenti mpya kabisa. Jirani alitumia maji ya mvua ya kwenye simtanki, ukuta wake mzima hadi leo.

#9 Mwana wa Mbande
Asanteni wote.

Fundi, ndiyo, nje udongo umepanda. Mvua zimeshusha udongo miaka mingi, sasa uko juu ya sakafu karibu shubiri moja, upande wa magharibi tu. Dada wa Kondoa, maji yalikuwa ya kisima, tulibebewa na punda. Mchanga ni wa korongoni. Kwa hiyo wote wawili mmenikamata.

Mwalimu shikamoo. Kukwangua tumesimamisha.

#10 Mzee wa Reli
Kijana wa #6 na mwalimu wa #5 mmesahau reli.

Mradi ulikuwa na tawi lake la reli lililochepuka kutoka reli ya kati pale Msagali kwenda Kongwa. Mitambo, mafuta, saruji na vyakula vilipita hapo. Reli ikang'olewa, tuta bado mtu mwenye jicho analiona. Sasa jengo refu, sakafu ya zege, pete za chuma ukutani, mfereji katikati: hiyo ni ghala au karakana. Mfereji ni wa oili. Pete ni za kufungia kamba za turubai au za kuvutia mizigo. Kijani kizito chini kabisa ndiyo rangi ya majengo ya kazi, huwezi kumlaza mtoto wa Kizungu ndani ya kijani kile.

Angalieni kama mlango mkubwa umewahi kuzibwa. Tofali za kuzibia huwa hazishikani na za mwanzo, utaona mstari wima.

#11 Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa
Mzee wa Reli, na masinki ya watoto? Karakana ya mabeberu wafupi?

#12 Mzee wa Reli
Mwalimu, jengo linaweza kuanza karakana likaishia bweni. Masinki yanaongezwa.

#13 Mchungaji wa Hogoro
Nyie wote mmesoma sana. Mimi nimekaa na mifugo tangu utotoni, naona mambo mawili.

Kwanza pete. Usawa wa kifua cha mtu ndio usawa wa kufungia kichwa cha ng'ombe asimame tuli upate kumpiga sindano. Mfereji wa katikati ni wa mkojo na maji ya kuoshea. Kongwa baada ya karanga ilikuwa nchi ya ng'ombe: ranchi ya taifa iko pale hadi leo, kituo cha utafiti wa malisho kipo, na jirani zetu Mpwapwa wana kituo cha mifugo tangu enzi za Mjerumani. Hilo lilikuwa jengo la mifugo, au la kuhifadhia ngozi.

Pili, kama ni la ngozi, basi maswali yako mawili ni swali moja. Ngozi mbichi inatiwa chumvi, mifuko kwa mifuko, na inapangwa chini kandokando ya ukuta. Chumvi imo ndani ya tofali tangu siku hizo. Haikutoka kisimani wala ardhini. Mlipopiga plasta mbichi mkaiamsha.

#14 Msomi wa Kibaigwa
#13 duh. Hilo sikuliwaza. Lakini bado nasema hospitali.

#15 Fundi Mwiko
Mchungaji ameniongezea kitu, ila hata ngozi hatuzihitaji. Mwenye uzi kasema mbuzi wamelala mle miaka mingi. Mkojo wa mbuzi ukinyonywa na tofali unazaa chumvi yake, nyeupe, yenye manyoya, na inakaa usawa uleule wa chini. Na darini bila shaka kuna popo.

Dada wa Kondoa aliuliza kwa nini plasta ya zamani ilidumu miaka 60. Nami namuuliza mwenye uzi: ile ya zamani ilikuwa ngumu ya kijivu, au laini nyeupe inayokwanguka kwa ukucha? Kama ni laini, ilikuwa ya chokaa, na ndiyo iliyokuwa inaupa ukuta nafasi ya kukauka.

Kabla ya plasta yoyote, chukueni majembe mteremshe ule udongo wa nje hadi uwe chini ya sakafu kwa shubiri nzima, mchonge mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali na ukuta. Hiyo haihitaji hata shilingi. Dodoma mvua ni ya miezi michache, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, lakini ikinyesha inanyesha kwa hasira, na bati zenu hazina gata. Maji yote ya paa yanashukia pale.

#16 Unguja Mjini
Naungana na fundi. Huku Mji Mkongwe tumeliona hilo sana. Nyumba za mawe na chokaa, mtu anakarabati kwa simenti kwa kuwa ni ya haraka, baada ya miaka michache plasta inatoka vipande na ukuta ndani umeoza, boriti nazo zinafuata. Chokaa ni kazi ya subira. Plasta mnaifunika magunia yaliyoloweshwa, tena kwenye jua la bara msiache hata siku moja, itakauka juu na kubaki unga ndani.

Na maji ya kulowesha yawe baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mvua.

#17 Dada wa Kondoa
"Yawe ya mvua." Asante Unguja. Ndicho nilichosema #8.

#18 Mwanasheria Kijana
Naomba nitoe tahadhari kwa nia njema. Mmeulizia Idara ya Mambo ya Kale? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyofanyiwa marekebisho 1979, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye, kama hayo ya karanga, yanalindwa pale yanapotangazwa rasmi. Maana yake jengo lenu linaweza kuwa halina ulinzi wowote leo. Mtu akipewa kiwanja akalivunja, mtabaki mnalia.

Andikeni barua sasa, kupitia halmashauri, mwambatishe picha na vipimo. Ridhaa ya kijiji ni nzuri lakini haitoshi. Na kama ni kweli wapigania uhuru walilitumia, kuna programu ya serikali ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, nao waandikieni.

#19 Kusini Nachingwea
Umenena. Angalieni wenzetu wa Mazimbu, Morogoro. Chuo cha Solomon Mahlangu cha ANC kilianza miaka ya 1970 mwishoni, kikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA). Makaburi yanatunzwa, wageni kutoka Afrika Kusini wanakuja. Kwa sababu kuna mtu aliandika na kutunza. Kongwa nayo ina makaburi ya wapiganaji. Jengo likianguka, kitabaki nini cha kumwonyesha mjukuu wa yule aliyelala pale?

Ndiyo maana nashikilia habari ya kibao. Karanga zilikaa miaka minne. Wapiganaji hao waliacha kwao.

#20 Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa
Kijana wangu, uchungu wako nauelewa na ninao pia. Lakini kibao hakiandikwi kwa uchungu. Ukiandika "ghala la silaha" na kesho aje mzee wa SWAPO aseme "hapa tulikuwa tunapikia", umemkosea yeye mwenyewe unayetaka kumheshimu.

#21 Mama Zabibu
Nimesoma wote. Hakuna aliyetaja vibarua. Babu yangu alifanya kazi ya kung'oa visiki kwenye karanga, alitusimulia nyuki. Trekta likigonga mbuyu, nyuki wanatoka pangoni mwa mti, dereva analiacha trekta linaunguruma anakimbia. Wagogo waliitwa na moshi wao ndipo kazi iendelee. Alitusimulia pia ardhi ikikauka inakuwa ngumu, karanga zinabaki chini, jembe linatoa cheche.

Yeye hakuwahi kulala kwenye nyumba ya matofali pale. Kibao kiwe na nafasi ya watu kama yeye pia, naomba.

#22 Mtani wa Unyamwezi
Mama Zabibu, sisi tulidhani Wagogo mnajua mlenda tu, kumbe na nyuki! Mungu amrehemu babu.

#23 Mwana wa Mbande
Wakuu, nimerudi na habari. Leo tumeshusha udongo wa nje kama fundi alivyoelekeza. Mambo mawili.

Moja, plasta ya zamani nimeijaribu kwa ukucha. Juu ni laini, nyeupe, inatoka unga. Lakini chini, usawa wa goti, ni ya kijivu na ngumu. Kwa hiyo kuna mtu kabla yetu aliwahi kuziba chini kwa simenti, na yake haikubanduka.

Mbili, pale tulipokwangua kabla mwalimu hajatusimamisha, juu ya kila pete kuna namba iliyopakwa kwa rangi nyeusi, imefunikwa na ile bluu. Tumeziona 4, 5 na 6. Maandishi ni ya brashi ya mkono, 4 imeachwa wazi juu.

#24 Msomi wa Kibaigwa
Namba za vitanda vya wagonjwa. Nilisema.

#25 Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa
Namba za wanafunzi. Kila mtoto wa bweni ana namba, inashonwa hata kwenye soksi.

#26 Kusini Nachingwea
Bunduki zina namba pia, mwalimu. Na bluu imekuja juu ya namba. Aliyepaka bluu alitaka zisionekane.

#27 Dada wa Kondoa
Fundi Mwiko, ile simenti ya zamani ya chini ambayo haikubanduka unaisemaje?

#28 Fundi Mwiko
Swali zuri. Inawezekana ilipigwa kabla mbuzi hawajaingia na kabla udongo wa nje haujapanda. Inawezekana pia maji yao yalikuwa masafi, hapo nakupa nusu. Siridhiki kwa kuona picha, nataka kuugonga ukuta mwenyewe.

Ushauri wangu: msipige ukuta mzima. Tengeni vipande vitatu upande wa magharibi. Kimoja chokaa kwa maji ya mvua, cha pili chokaa kwa maji ya kisima, cha tatu kibaki tofali tupu. Viacheni vipite masika yote.

#29 Mzee wa Reli
Pimeni nafasi kati ya pete na pete, mniletee kwa futi. Vitanda vina nafasi yake na mizigo ina nafasi yake. Na mlango uliozibwa mmeutafuta?

#30 Mwana wa Mbande
Mzee, mstari wima upo, ukuta wa kaskazini. Upana sijapima, Jumamosi nitapima na pete pia.

#31 Mchungaji wa Hogoro
Mlango mpana, pete usawa wa kichwa cha ng'ombe, namba juu ya kila pete, mfereji wa mkojo. Watu wazima mnajadili taulo. Jumamosi nakuja na ndama wawili na kamba, tuwafunge pale 4 na 5 tuone kama nafasi inawatosha.

#32 Fundi Mwiko
Njoo, ila ndama wasikojolee ukuta wangu.